Dawa Hukaa Mwilini kwa Muda Gani?

Wengi wetu tulipokuwa shule ya msingi tulipangwa mstari, tukasimamishwa mmoja mmoja mbele ya fimbo ya kupimia urefu, tukapewa vidonge vya kichocho kwa kadiri ya kimo chetu. Tukavimeza mara moja, mambo yakaisha. Lakini mwanafunzi akienda zahanati akionekana ana malaria, hupewa vidonge vya kumeza mara sita kwa siku tatu, na huambiwa avimalize hata kama homa imekwisha siku ya pili. Kwa nini ugonjwa mmoja umalizwe kwa siku moja, na mwingine udai siku tatu? Kwa kukosa jibu la swali hili, vidonge vingi vya malaria huishia chini ya godoro bwenini, au mfukoni mwa rafiki ambaye naye anaumwa kichwa. Nataka kulijibu kwa hesabu, maana jibu lake ni la hesabu zaidi kuliko la udaktari, na sehemu kubwa ya hesabu yenyewe ni ile ya kugawanya kwa mbili.

Tuanze na chai. Chukua kikombe cha chai ya rangi chenye vijiko 4 vya sukari. (Najua kwamba bwenini sukari haipatikani kwa wingi huo, tuseme leo ni sikukuu. Tena sikuchagua mfano wa kumwaga maji ya ndoo, maana wazee wetu wa Newala, waliowahi kushuka bondeni kutafuta ndoo moja, wasingenisamehe.) Kunywa nusu ya kikombe, kisha ongeza maji ya moto mpaka kijae tena, ukoroge. Sasa kikombeni mna vijiko 2 vya sukari. Kunywa nusu tena, ongeza maji: kimebaki kijiko 1. Rudia, imebaki nusu ya kijiko. Rudia tena, imebaki robo.

Angalia jambo moja. Kila mara umekunywa chai kiasi kile kile, yaani nusu kikombe, lakini sukari iliyotoka haikuwa kiasi kimoja. Mara ya kwanza vilitoka vijiko 2, mara ya pili kijiko 1, mara ya tatu nusu kijiko. Sukari ikiwa nyingi hutoka nyingi, ikiwa kidogo hutoka kidogo, na haifiki mahali ukasema kwa hakika kwamba sasa imekwisha kabisa.

Hivyo ndivyo miili yetu inavyofanya kwa dawa. Damu hupita katika ini na figo usiku na mchana bila kupumzika. Ini huivunja dawa na kuigeuza kuwa kitu kingine. Figo huichuja na kuitoa katika mkojo. Viungo hivi havihesabu vidonge. Kazi yao ni kusafisha damu, na kila saa husafisha sehemu ile ile ya damu, iwe imebeba dawa nyingi au kidogo. Kwa hiyo dawa zilizo nyingi hupungua kama sukari ya kikombe kile, kwa nusu na nusu ya nusu. Pombe haifuati sana kanuni hii: ini huitoa karibu kwa kiasi kile kile kila saa, hata ikiwa nyingi namna gani, na ndiyo sababu mtu aliyezidisha uraka wa mabibo jioni huweza kuamka asubuhi angali amelewa.

Ule muda ambao dawa iliyomo mwilini hupungua ikabaki nusu yake, tuuite muda wa nusu. Kila dawa ina muda wake. Tukianza na sehemu 100 za dawa, baada ya muda wa nusu mmoja zitabaki 50. Baada ya miwili, 25. Baada ya mitatu, 12 na nusu. Baada ya minne, 6 na kidogo. Baada ya mitano, 3 na kidogo. Hapo madaktari huhesabu kwamba dawa, kwa kazi zilizo nyingi, imetoka.

Dawa hutofautiana sana kwa jambo hili, kuliko mtu awezavyo kudhani kwa kuvitazama vidonge vyenyewe. Parasetamoli ya kutuliza maumivu ina muda wa nusu wa saa mbili au tatu hivi. Uliyoimeza asubuhi, jioni karibu yote haipo. Kwinini, ile dawa chungu ambayo wazee wanaikumbuka kwa kuwavumisha masikio, ina muda wa saa 11 hivi kwa mtu mwenye afya, na huzidi kwa mgonjwa wa malaria, kwa kuwa ini lake halifanyi kazi vema. Klorokwini, iliyotumika nchini kwetu kwa miaka mingi, ina muda wa nusu wa mwezi mmoja hadi miwili. Mtu aliyeimeza wakati wa kuvuna korosho angeweza kuwa na mabaki yake mwilini mpaka mvua za mwaka mpya. Ndiyo sababu zamani iliwezekana kujikinga kwa kumeza klorokwini mara moja tu kwa juma.

Sasa nawaomba wasomaji wapime jambo ambalo huwakosesha watu wengi. Tuseme unayo dawa ambayo muda wake wa nusu ni saa 2, nawe wataka ikukae mwilini muda mrefu. Ukameza maradufu. Je, itakaa maradufu? La. Baada ya saa 2 ile ya maradufu itakuwa imeshuka mpaka pale pale ulipoanzia mwenzako aliyemeza kipimo cha kawaida. Umeongeza saa 2 tu. Ukimeza mara nne, umeongeza saa 4. Kumeza vidonge vyote kwa mkupuo, kama wafanyavyo wengine ili wamalize haraka, ni kununua saa chache kwa bei kubwa, tena kwa hatari, maana yale madhara ya dawa hayangoji nusu wala robo. Parasetamoli ikizidishwa sana huharibu ini lenyewe ambalo lingeitoa.

Njia ya haki ya kuiweka dawa mwilini ni kuirudia kwa saa zake. Ukimeza sehemu 100 kila unapotimia muda wa nusu, utaanza na 100. Kabla ya dozi ya pili zimebaki 50, ukiongeza 100 zinakuwa 150. Zinashuka hadi 75, ukiongeza zinakuwa 175. Halafu 187 na nusu. Halafu karibu 194. Dawa inapanda kwa hatua zinazozidi kuwa fupi, na haitapita 200 hata ukiimeza mwaka mzima, maana kila muda wa nusu hutoka kiasi kile kile unachoingiza. Ukiruka dozi moja, ngazi inashuka, na huwezi kuipandisha pale pale kwa dozi moja ya kawaida. Dawa yenye muda mrefu sana, kama klorokwini, ingechukua miezi kupanda ngazi hiyo. Kwa hiyo mtu mzima alianzishwa kwa vidonge vingi, 4 siku ya kwanza, 4 siku ya pili, na 2 siku ya tatu.

Turudi kwenye kichocho. Dawa yake, prazikwanteli, hutoka upesi sana: muda wake wa nusu ni saa moja hadi saa moja na nusu hivi. Uliyoimeza asubuhi, ikifika usiku ni kama hukumeza kitu. Lakini yatosha, kwa sababu mbili. Kwanza, minyoo ya kichocho ikipata dawa hii hukakamaa mara moja na ngozi yake huharibika, na kinga ya mwili humalizia kazi hata dawa ikiwa imekwisha kutoka. Pili, na hili ndilo kubwa, minyoo mikubwa ya kichocho haizaliani ikaongezeka ndani ya mwili wa mtu. Mayai yake sharti yatoke, yafike majini, yapite kwa konokono. Mdudu mmoja aliyesalia atabaki mmoja.

Kimelea cha malaria si hivyo. Kikiingia katika chembe nyekundu ya damu hujigawa, na baada ya saa 48 hivi chembe hupasuka na kutoa vimelea vipya vinavyotafuta chembe nyingine. Bila dawa wala kinga, kila siku mbili huweza kuongezeka mara 10 hivi. Kubakiza wachache hapa ni kubakiza mbegu.

Basi tuitazame dawa yenyewe. Vidonge vya malaria vinavyotolewa katika zahanati zetu huitwa dawa mseto, na mseto ni neno lililochaguliwa vizuri, maana katika kila kidonge mna dawa mbili zilizochanganywa kama mchele na choroko: miligramu 20 za artemeta na miligramu 120 za lumefantrini. Mtu mwenye uzito wa kilo 35 na zaidi humeza vidonge 4 kila dozi, jumla 24. Akianza saa 2 asubuhi, dozi ya pili ni baada ya saa 8, yaani saa 10 jioni. Kisha kesho yake saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Na kesho kutwa vivyo hivyo.

Artemeta ni jamaa ya artemisinini, iliyopatikana katika mmea ambao Wachina waliutumia kwa homa tangu kale. Bibi Tu Youyou na wenzake waliitoa katika mmea huo mwaka 1972, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ina nguvu ya ajabu. Katika mzunguko mmoja wa saa 48 huweza kupunguza vimelea hata kikabaki kimoja tu katika kila 10,000. Ndiyo inayofanya mgonjwa apate nafuu upesi hivyo. Lakini muda wake wa nusu ni saa 2 hivi. Kutoka asubuhi hadi asubuhi ni mara 12, na ukigawa kwa mbili mara 12 unapata sehemu 1 katika 4,096. Kila dozi ya artemeta ni kama moto wa nyasi, mkali na mfupi.

Lumefantrini haina haraka. Muda wake wa nusu ni siku nne hivi, kwa wengine tatu, kwa wengine mpaka sita. Haiui kwa kishindo, bali hukaa nyuma siku nyingi ikiokota masalia. Wakitumwa wawili hawa pamoja, wa kwanza hufyeka shamba, wa pili hung'oa visiki. Artemisinini ikitolewa peke yake kwa siku chache, wagonjwa wengi hurudiwa na homa baada ya majuma machache, nayo huweza kuwazoesha vimelea. Kwa sababu hiyo mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani liliwataka watengenezaji waache kuuza vidonge vya artemisinini visivyo na mwenzake.

Sasa tuwachukue wanafunzi wawili wa darasa moja, wenye uzito ulio sawa, na kila mmoja ana vimelea bilioni 100 katika damu yake. Si hesabu ya kutisha watu. Mgonjwa wa malaria aweza kuwa na vingi hivyo, na zaidi. Wote wawili wanaanza dawa Jumatatu saa 2 asubuhi. Wa kwanza anameza dozi zote sita. Wa pili anaamka Jumanne homa imekwisha, anameza dozi ya tatu kwa heshima ya mama mganga, kisha anasikia filimbi ya mpira na kuona kwamba amepona. Vidonge vyake 12 vinabaki.

Yule wa kwanza amepata artemeta kwa karibu mizunguko miwili ya vimelea. Bilioni 100 ukigawa kwa 10,000 ni milioni 10; gawa tena kwa 10,000, ni 1,000. Vimelea 1,000 katika lita 5 za damu, hao ndio walioachwa kwa lumefantrini.

Yule wa pili, hata tukimhesabia kwa ukarimu kwamba amepata mzunguko mmoja mzima, amebakiwa na milioni 10. Naye hana homa! Hapa ndipo mtego ulipo. Milioni 10 katika lita 5 ni vimelea 2 tu katika kila tone dogo la milimita moja ya ujazo, na hata mtaalamu aliyezoea darubini huweza kutazama asivione. Mgonjwa anajiona mzima, rafiki zake wanamwona mzima, darubini nayo inaweza kusema ni mzima. Lakini milioni 10 wakiongezeka mara 10 kila siku mbili bila kuzuiwa, watakuwa bilioni 100 tena baada ya siku 8.

Bila shaka hawataachwa bila kuzuiwa, maana lumefantrini ipo. Ni kiasi gani? Tufanye hesabu ya darasani, tukidhani kwamba dawa yote imeingia katika mwili na muda wa nusu ni siku nne barabara. Kila dozi ni miligramu 480. Saa ya 60, wakati wa kumeza dozi ya sita, mwanafunzi wa kwanza ana miligramu 2,335 hivi. Mwenzake wa dozi tatu, saa hiyo hiyo, ana 1,010 hivi. Siku saba kamili tangu kuanza, siku ambayo watafiti hupenda kuipima lumefantrini katika damu, wa kwanza ana 1,070 na wa pili 460. Kiasi ambacho wa pili alikuwa nacho Jumatano usiku, wa kwanza atakishukia siku 5 baadaye. Kwa hiyo yule aliyeacha ana kazi iliyozidi mara elfu kumi, na mfanyakazi asiyefika nusu, ambaye pia ataondoka mapema. Sidhani kuna mkulima ambaye angekubali mapatano kama hayo.

Na vidonge 12 vilivyobaki? Akivimeza rafiki anayeumwa kichwa, kama ana malaria atakuwa mgonjwa wa nusu dozi mwingine. Kama hana, ameingiza bure katika mwili wake dawa itakayokaa majuma mawili au matatu.

Nimesema tukidhani kwamba dawa yote imeingia mwilini. Kwa kweli lumefantrini hupenda mafuta kama kitambaa cha taa kinavyopenda mafuta ya taa. Katika watu wenye afya waliopimwa, iliyomezwa pamoja na chakula chenye mafuta mengi iliingia katika damu mara 16 kuliko iliyomezwa kwa tumbo tupu. Mafuta kidogo yatosha kusaidia sana: kikombe cha maziwa, uji wenye karanga zilizopondwa, mboga ya nazi, au konzi ya korosho, ambazo kwa watu wa Masasi na Newala kuzikosa ni aibu. Mgonjwa hana hamu ya kula siku ya kwanza, hilo lafahamika. Lakini siku ya pili na ya tatu hamu imerudi, na dozi za siku hizo ndizo zinazoingia vizuri zaidi. Ndizo hizo hizo zinazoachwa chini ya godoro.

Mtu mwenye akili atauliza: kama dawa inayokaa sana ni nzuri hivyo, mbona tusitumie dawa inayokaa miezi? Tulikuwa nayo, na historia yake ni ya kusikitisha. Dawa yenye muda mrefu hushuka polepole, na kuna kipindi kirefu ambapo imebaki kidogo, haitoshi kuua vimelea vyote, lakini yatosha kuua vile vilivyo dhaifu. Mlinzi wa shamba la mihogo aliye hodari hufukuza ngedere na nguruwe pia. Akizeeka na kuchoka hufukuza ngedere tu, na nguruwe hula peke yao bila mshindani. Katika nchi kama yetu ya Mtwara, iliyo miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi, mbu huleta vimelea vipya kabla mabaki ya dawa ya kwanza hayajakwisha, na vinavyookoka ni vile vilivyo sugu.

Jambo hili lilionekana mapema katika nchi yetu. Katika miaka ya 1950, ingali Tanganyika, watu wa sehemu za Muheza katika Tanga walipewa pirimethamini iwakinge na malaria. Ilikuwa dawa mpya, haina uchungu wa kwinini. Haikupita miezi mingi vikaonekana vimelea visivyoijali. Klorokwini nayo ilidumu zaidi, lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 usugu ulianza kuonekana Afrika Mashariki, ukaenea. Mwaka 2001 Tanzania iliiacha klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria (wapo waliofurahi, kwa jinsi ilivyowawasha ngozi), ikachukua SP, ambayo wengi waliijua kwa jina la Fansidar. Hiyo ni salfadoksini, yenye muda wa nusu wa siku 8 hivi, pamoja na pirimethamini ile ile ya Muheza, yenye siku 4 hivi. Uzuri wake ulikuwa kumezwa mara moja tu. Lakini haikuchukua miaka mingi nayo ikaanza kushindwa, na mwishoni mwa mwaka 2006 dawa mseto ikashika nafasi yake. SP imebaki kwa akina mama wajawazito, kwa kinga, kwa vipindi vya mwezi mmoja au zaidi kati ya dozi na dozi. Hapo mkia wake mrefu ndio hasa unaotakiwa.

Jirani zetu wa Malawi waliiacha klorokwini tangu 1993. Vimelea sugu vikakosa faida ya usugu wao, na vile vya kawaida vikarudi kutawala. Mwaka 2006 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Blantyre: klorokwini iliponya karibu watoto wote waliopewa. Nguruwe walikuwa wameondoka shambani. Hiyo haina maana kwamba mtu aende kuitafuta klorokwini dukani. Ikirudi kutumika ovyo, na usugu utarudi.

Katika mseto, mkia mrefu wa lumefantrini hulindwa na artemeta, ambayo huacha vimelea wachache mno kiasi kwamba si rahisi awepo hata mmoja aliye sugu kati yao. Lakini ulinzi huu wategemea artemeta ifanye kazi yake yote. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba Rwanda vimepatikana vimelea vyenye mabadiliko yanayovifanya visife upesi kwa artemisinini, na baadaye vikaonekana Uganda na katika mkoa wetu wa Kagera. Turudie hesabu yetu tuone uzito wa habari hiyo. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba badala ya kubaki kimoja katika 10,000 kwa kila mzunguko, kinabaki kimoja katika 100. Bilioni 100 zinakuwa bilioni 1, kisha milioni 10. Yaani hata yule mwanafunzi wa kwanza, aliyemeza dozi zote sita kwa saa zake, angekuwa na vimelea wengi kama mwenzake aliyeacha njiani, na mzigo wote ungeangukia lumefantrini.

Limebaki neno moja kwa wazazi, kwa sababu lahusu jambo lile lile la kitu kinachotoka mwilini polepole. Kile kipimo cha haraka cha tone la damu, chenye mistari miwili, hakitazami vimelea wenyewe. Hutafuta protini inayotolewa na vimelea, na protini hiyo hubaki katika damu hata vimelea wakiisha kufa, mara nyingi kwa majuma mawili mpaka mwezi. Mtoto aliyemaliza dawa vizuri akipimwa juma linalofuata huweza kuonyesha mistari miwili, na mzazi akadhani dawa imeshindwa, akaenda kununua nyingine. Mtoto akiwa hana homa, hana haja ya kupimwa tena. Homa ikirudi ndani ya mwezi mmoja, apelekwe mahali penye darubini, kama hospitali ya Mkomaindo au ya Ndanda, na mzazi amwambie mganga tarehe ambayo mtoto alianza dawa, jina la dawa, na idadi ya vidonge alivyomeza.